Fedha Zinazokubali Kuulizwa



Nimeombwa nizungumze hapa Ukunda jioni hii juu ya fedha, uadilifu na furaha. Mambo hayo matatu yakitajwa pamoja, watu hungojea mawaidha waliyoyazoea: fedha si kitu, tosheka na ulicho nacho, tajiri halali usingizi. Sitasema hayo. Mtu aliyewalaza watoto kwa uji wa chumvi hana haja ya kuambiwa akinai, na anayemwambia hivyo hali ametoka kwenye sinia lililojaa hana haki ya kumfundisha mwenzake maadili. Umaskini unauma. Humfanya baba azunguke njia ya mbali ili asipite mbele ya duka analodaiwa. Humfanya mama avunje vidonge vya mtoto nusu nusu ili vifike mwisho wa wiki. Na kila mmoja wetu aliyewahi kulipa ada ya mwana siku ya mwisho, karani akaandika risiti, anajua jinsi roho inavyotua.

Kwa hiyo fedha zina furaha ndani yake. Ninalodai ni kwamba furaha hiyo hutoka pale tu fedha zinapokubali kuulizwa. Zimetoka wapi? Zimepita mikononi mwa nani? Zinakwenda wapi? Nyumba au kijiji kinachoweza kuuliza hivyo na kujibiwa mbele za watu hufaidi fedha hata zikiwa chache. Pale fedha zinapowafunga watu midomo, mabati yatang'aa na magari yatapita, na watu watabaki na kinyongo. Waislamu mlio hapa mnaijua hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, juu ya mambo ambayo mwanadamu ataulizwa Siku ya Kiyama kabla hajanyanyua unyayo wake. Umri una swali moja, ujana moja, elimu moja. Mali peke yake ina maswali mawili: uliichuma kwa njia gani, na uliitumia katika nini. Mimi naona maswali hayo yana kazi kubwa hapa hapa duniani, kabla hatujafika huko.

Nianze mbali kidogo, Rarieda, katika Kaunti ya Siaya. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 shirika la GiveDirectly liliwatumia watu wa huko fedha kwa M-PESA bila masharti yoyote. Walilengwa waliokuwa wakiishi katika nyumba za nyasi, na kati yao wakapatikana wa kupewa kwa bahati nasibu. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia, na mwaka 2016 wakachapisha waliyoyaona. Chakula kiliongezeka, mifugo ikanunuliwa, nyumba zikaezekwa mabati. Pombe na sigara hazikuongezeka, ingawa wengi wetu tungeapa kwamba fedha za bure huishia huko. Waliopata walisema wana furaha zaidi. Hapo tayari wale wanaodai kwamba maskini akipewa ataharibu wamejibiwa.

Lakini watafiti hao waliwatazama pia majirani ambao hawakupata kitu. Kadiri wenzao walivyoneemeka, kuridhika kwa majirani hao na maisha yao kulishuka, ingawa uchungu ulififia muda ulivyopita. Wako watakaosema hiyo ni husuda tu. Mimi naona kuna jambo jingine. Jirani akiona paa limegeuka kuwa la mabati ng'ambo ya ua, huuliza: kwa nini yeye, na si mimi? Bahati nasibu haina jibu la kumpa. Hakuna mzee wa kijiji anayeweza kulieleza, hakuna jasho lililomwagika wala zamu iliyofika. Fedha zilimwendea mwenzake kwa njia isiyo na maelezo, na moyo wa binadamu haupumziki penye jambo lisilo na maelezo.

Wasomi wa Marekani wamebishana kwa muda mrefu. Richard Easterlin aliandika mwaka 1974 kwamba nchi inaweza kutajirika miaka na miaka bila watu wake kuongezeka furaha. Daniel Kahneman na Angus Deaton walisema mwaka 2010 kwamba raha ya kila siku huacha kupanda mapato yakifika dola 75,000 kwa mwaka, kisha Matthew Killingsworth akaonyesha mwaka 2021 kwamba kwa wengi huendelea kupanda. Ubishi huo una faida zake, lakini unauliza kiasi gani. Kwetu Kwale fedha nyingi zimekwisha kupita, na sisi tumezitazama zikipita. Swali letu ni la njia zinamopita.

Tuanze na ardhi, maana hapa Diani kidonda hicho hakijapona. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba katika ukanda wa maili kumi waandikishe madai yao. Wamijikenda wengi hawakuandikishwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Kwa hiyo hoteli zilipoanza kujipanga ufukweni baada ya uhuru, wako waliopoteza bila kuuza, na wako waliouza upesi kwa hofu ya kupoteza. Wa kwanza walidhulumiwa, na hilo halina mjadala. Nataka tuwatazame wa pili.

Shamba la Mdigo lilikuwa na wenyewe wengi. Udongo ungeweza kuwa wa fuko, yaani ukoo, minazi ikawa ya aliyeipanda, mwembe ukawa wa shangazi, na makaburi ya wote. Kwa mila, mpwa ana dai lake katika mali ya mjomba. Kwa sharia ya Kiislamu, mtoto ana dai katika mali ya baba. Kwa sheria ya Serikali, mwenye dai ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati. Ili shamba la namna hiyo liuzwe kwa haki, inabidi watu wote hao waketi barazani, wanywe kahawa, wagombane, wanyamaze, waanze tena. Huenda ikachukua miezi. Mnunuzi mwenye haraka hapendi baraza. Humtafuta mmoja, aliye na jina kwenye hati au aliye na shida kubwa kuliko wenzake, na mapatano hufanywa usiku. Asubuhi watu huona vigingi vya mpimaji vimesimama kati ya minazi.

Kila mmoja wenu anaijua familia ya namna hiyo. Sina haja ya kutaja yoyote. Fedha zilikuwepo kweli. Zilinunua pikapu, zikajenga vyumba vitatu vya matofali, zikaoa. Kisha pikapu ikawekwa juu ya mawe, na ndugu wa tumbo moja wakaanza kuzikana bila kupeana mikono. Ukikaa na yule aliyepokea, akiwa mzee sasa, hataanza na bei, ingawa bei ilikuwa ya kuonea. Ataanza kukueleza kwa nini hakuwaambia wenziwe. Miaka 30 imepita naye bado anajibu swali ambalo siku ile halikuulizwa.

Sasa niseme jambo zito zaidi, na naomba wazee waniwie radhi. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya pamoja na UNICEF walitoa utafiti juu ya watoto na utalii wa ngono katika Pwani yetu, Diani ikiwemo. Ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa maeneo yale walikuwa wakiingizwa katika biashara hiyo kwa vipindi. Walikuwa watoto wa shule, wa madrasa, wa nyumba zetu. Fedha zile ziliingia majumbani. Ziliingia kama unga, kama karo ya wadogo zao, kama simu mpya ambayo mtoto amesema amepewa na rafiki. Na nyumbani hapakuulizwa. Mama alijua kwamba akiuliza atajibiwa, na akijibiwa itabidi achague kati ya mtoto na chungu kilicho jikoni. Simlaumu mama huyo kabla sijamlaumu mwenye nyumba ya kupangisha aliyewafungulia mlango, dereva aliyewachukua saa nne za usiku, na bawabu aliyepokea noti akageuza uso. Wote hao walilipwa ili wasiulize. Ndiyo maana nasema uadilifu unaanza na kinywa. Mtu mzima mmoja tu katika mlolongo ule angeuliza, "Mwanangu, unakwenda wapi na huyu?", mtoto angepata pa kushika.

Na tusisahau kwamba utalii wenyewe una misimu ya njaa. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 hoteli zilifungwa, na mwaka 2020 zikafungwa tena kwa sababu ya korona. Anayetaka watoto walindwe, atake pia nyumba zao ziwe na kipato kisichokatika wageni wanapokatika.

Kipato cha namna hiyo kinaweza kutoka wapi? Twendeni Gazi, niwaombe tukae huko kwa muda, kwa sababu hapo pana jambo ambalo dunia imekuja kujifunza kwetu.

Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa kuwa kuni za tanuri za chokaa na za matofali. Sehemu zilizofyekwa zilibaki matope matupu, na mikoko haikurudi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo James Kairo, walianza kupanda upya wakishirikiana na wanakijiji. Kazi hiyo haina urembo. Bahari ikipwa, kina mama hukaza leso kiunoni, huvua viatu na kuingia topeni. Tunda la mkoko ni refu, la kijani, na ncha yake ya chini ni kali. Hulichomeka wima, likaingia sehemu tu na shina likabaki nje, kisha hupima hatua na kuchomeka jingine. Maji yakianza kurudi, kazi imekwisha hata kama ndoo bado imejaa. Baadhi ya miche hung'olewa na mawimbi, mingine huliwa na kaa. Wanarudi bamvua nyingine wakapande tena palipokufa.

Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, wa kwanza wa jamii duniani kufanya hivyo kwa mikoko. Eneo lake ni hekta 117 tu. Mwanzoni uliingiza karibu dola 12,000 kwa mwaka, fedha ambazo katika hoteli moja kubwa ya Diani zingepita bila kuonekana. Lakini tazama zilivyopita Gazi na Makongeni. Kamati huchaguliwa na wanakijiji. Matumizi hujadiliwa katika mikutano ya kijiji, watu wakipendekeza na kubishana. Matokeo yakawa maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 wenzetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wao kwenye mikoko mingi zaidi.

Sina nia ya kuwapamba. Kuna mtu aliyekuwa akila kwa boriti na sasa anakatazwa kuingia na shoka, na wenye mradi waliliona hilo ndiyo maana wakapanda mivinje ili watu wapate miti ya kujengea. Kuna swali pia kama anayenunua hewa yetu huko Ulaya anapunguza moshi wake au ananunua ruhusa ya kuendelea kuutoa. Liulizwe, na kwa nguvu. Ninachosema ni kwamba Gazi linaweza kuulizwa, na yupo wa kujibu. Hakuna paa lililogeuka mabati usiku mmoja na jirani akabaki kujiuliza kwa nini yeye. Mama anayeteka maji bombani anajua maji yale yamelipiwa na nini, na huenda mkono wake mwenyewe ulichomeka mche. Nawaambia kwa yakini kwamba maji hayo yana ladha nyingine.

Katika kaunti hii hii palikuwa na fedha ambazo za Gazi haziwezi hata kulinganishwa nazo. Mchanga wa Kwale una ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Kampuni ya Tiomin kutoka Kanada ilianza kuutafuta katika miaka ya 1990, Base Resources ya Australia ikaununua mradi mwaka 2010, na shehena ya kwanza ikaondoka Likoni Februari 2014. Ulikuwa mgodi mkubwa kuliko yote Kenya. Familia nyingi za Nguluku na Maumba zilihamishwa, nyingine zikapelekwa Bwiti, zikiacha minazi, mikanju na makaburi. Ni haki kusema kwamba mgodi ule uliajiri vijana wetu wengi, ukajenga shule na zahanati, na wapo waliosomeshwa nao hadi chuo kikuu.

Hata hivyo tazama swali lilivyojibiwa. Sheria ya Madini ya 2016 ilisema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Asilimia 10 hiyo ilikuwa ya watu wa pale, kwa maandishi. Mwaka ukaisha, na mwingine. Kanuni hazijawa tayari, wakaambiwa. Watu waliuliza kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi, kwa mbunge, na kila mmoja aliwaelekeza kwa mwingine. Mgodi ulikaribia kufungwa watu wakiwa bado wanauliza, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Kwa hiyo mnisikie vizuri ninaposema kwamba huzuni ya vijiji vile haikutoka kwenye ufukara peke yake. Mtu maskini aliyekosa kwa sababu hakuna, huvumilia. Mtu anayejua kwamba kuna sehemu yake na hakuna wa kumwonyesha ilipo, hawezi kuvumilia, na kumwita mchochezi ni kumwongezea dhuluma.

Kuna watu wa kaunti hii waliotufundisha upande wa pili wa jambo hili. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji tangu enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi. Walizaa na kuzika hapa kwa vizazi bila kitambulisho. Bila kitambulisho mtu hawezi kujisajili M-PESA, hawezi kufungua akaunti, hawezi kuandikiwa shamba. Akichonga kinyago na kukiuza, fedha zake hupitia jina la mwingine, naye humwomba huyo mwingine kilicho chake. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, wavuvi wetu, walitambuliwa mwaka 2023. Siku vitambulisho vilipogawiwa watu walicheza ngoma, na mfukoni hapakuwa na shilingi iliyoongezeka. Walikuwa wamepata haki ya kusema "hizi ni zangu" na kuaminiwa.

Na vipo vitu ambavyo jibu lake ni kwamba haviuzwi. Hapo Kinondo, hatua chache kutoka hotelini, uko msitu mtakatifu wa kaya ambao tangu 2008 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Tangu 2001 wazee wamewaruhusu wageni kuingia kwa malipo. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huingia na mwongozaji, na hatoki na kitu, hata jani kavu lililoanguka. Anacholipia ni matembezi na maelezo, na fedha zake hurudi kijijini. Wazee wale hawakuzikimbia fedha, walizichorea mpaka. Nimewaona wageni matajiri wakisimama kwa utulivu mbele ya mpaka ule, na nikafikiri juu ya misitu mingine ya kaya ya ufuko huu iliyokatwa viwanja kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kusema hapana.

Nasema haya kwa sababu kilima cha Mrima kinatajwa tena. Mrima ni msitu wa kaya na una niobiamu na madini adimu yanayotafutwa na mataifa makubwa. Kampuni ya Cortec ilidai yana thamani ya dola bilioni 62.4. Leseni yake ilifutwa mwaka 2013, ikaishtaki Kenya mbele ya wasuluhishi wa uwekezaji wa Benki ya Dunia, na mwaka 2018 ikashindwa. Wengine watakuja, kama hawajafika. Watakuja na picha za barabara na hospitali, na mtu wa kwanza katika mkutano atauliza kazi ngapi, wa pili atauliza fidia ni kiasi gani kwa ekari.

Nawaomba muwatangulie wauliza hao. Kabla bei haijatajwa, mama mmoja asimame aulize wazee wa kaya wameulizwa lini na walijibu nini. Mwingine aulize ile asilimia 10 itaingia akaunti gani, nani watatia sahihi, daftari litakaa kwa nani, litasomwa kila baada ya miezi mingapi, na kama litasomwa kwa Kidigo, msikitini na chini ya mwembe, mbele ya wale wasiojua kusoma. Mgeni akisema mambo hayo yasubiri mpaka mkataba utiwe sahihi, mkutano ufungwe kwa heshima, apewe dafu anywe, na arudi siku atakayokuwa na majibu.